Vipele vya Uso Visivyo Chunusi

Binti mmoja wa madrasa yetu, mwenye umri wa miaka 7, aliacha kuja darasani. Tulipomzuru nyumbani tulielezwa sababu: wenzake wamempa jina la "Bi Vipele". Pembeni mwa pua na mashavuni alikuwa na vinundu vidogo vyekundu, vigumu, visivyo na usaha. Mama yake alivipaka dawa za chunusi kwa miaka 2 pasi na nafuu. Majirani walisema ni husuda; wengine wakataja jini, kwa kuwa mtoto huyo pia huanguka kifafa.

Daktari wa ngozi ndiye aliyeunganisha mambo hayo. Chunusi ni nadra kwa umri huo. Alipomkagua mgongoni kwa taa maalumu, aliona mabaka meupe mfano wa jani, ambayo mama aliyajua tangu uchanga wa bintiye. Maradhi haya huitwa tuberasi sklerosisi. Hutokana na hitilafu katika jeni ya TSC1 au TSC2, na huotesha vivimbe visivyo vya saratani usoni, na pengine katika ubongo, moyo na figo. Kwa hiyo viungo hivyo navyo hupimwa, na kifafa hutibiwa hospitalini.

Mzazi mwenye maradhi haya huweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Hata hivyo, takriban theluthi 2 ya wagonjwa ni wa kwanza katika familia zao. Basi mume asimlaumu mke, wala mke asiulaumu ukoo wa mumewe.

Vinundu hivi haviambukizi. Visikamuliwe wala kuchomwa, kwani hutoka damu na kuacha makovu. Dawa ya kupaka ya sirolimasi huvipunguza. Marekani iliidhinisha mojawapo mwaka 2022 kwa wenye miaka 6 na zaidi. Leza nayo husaidia, ingawa vinundu huweza kurejea.

Ndugu wazazi, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Kisomo na dua haviondoi wajibu wa kwenda hospitali. Na Suratul Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Somo hilo tumelirejea mbele ya wanafunzi wote.

Binti amerudi madrasa. Vipele bado vipo, ila sasa huitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake.