Nukta Moja Hugeuza Rahma Ikawa Zahma

Mji wa Elburgon, ulioko upande wa Molo katika Kaunti ya Nakuru, ni mji wa mbao. Aliyewahi kupita huko atakumbuka harufu ya misonobari iliyopasuliwa, milio ya misumeno, na baridi ambayo sisi watu wa pwani huwa twaisikia kwenye masimulizi tu. Lakini hata huko, mpenzi msomaji, wako ndugu zetu Waislamu. Watoto wao husoma chuoni, na uingiapo Mfungo Sita husoma Maulidi kama yasomwavyo kwetu. Na siku hizi, huko kama huku, ni nadra Maulidi kusomwa bila bango.

Bango nilisemalo si lile la zamani. Zamani fundi alinunua kitambaa cha merikani, akakitandaza ukutani, akapiga mistari kwa chaki, kisha akaandika herufi moja moja kwa brashi na rangi. Kazi ilichukua siku nzima, na kama maandishi yalikuwa ya Kiarabu alitafutwa mtu aliyeyajua, kwani asiyeyajua asingethubutu kushika brashi. Leo kuna kompyuta na mtambo, na bango la mita tatu huwa tayari kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nilikwenda Elburgon kuitazama kazi hiyo, nikakuta ina mazuri yake, na ina mtego mmoja unaotuhusu sisi hasa.

KAZI YENYEWE

Karibu na stendi ya magari nilimkuta kijana mmoja katika chumba kisichozidi hatua nne kwa tano. Ana kompyuta moja na mashine ndogo ya kuchapa karatasi. Mtambo mkubwa hana. Yeye hulitunga bango kwenye kompyuta, akalituma kwa mtandao hadi mjini Nakuru, mwendo wa kilomita kama 40, na huko ndiko lichapwako. Asubuhi ya pili bango hurudi kwa matatu likiwa limezungushwa kama jamvi.

Nilimwuliza bango kubwa hivyo huenea vipi katika kioo kidogo cha kompyuta.

"Mzee, hulichori kwa ukubwa wake," alinijibu. "Unalichora dogo, sehemu moja ya kumi, halafu mtambo unalikuza."

Maneno yake yana msingi. Faili ya PDF ya kawaida, ambayo ndiyo aghalabu hutumwa kwa mchapaji, ina mpaka wa inchi 200, yaani mita tano na kidogo. Anayetaka bango la mita kumi sharti achore kwa kipimo kidogo, kama mchora ramani.

Huko Nakuru programu nyingine hulipokea bango hilo na kulivunja kuwa nukta za rangi nne: samawati, zambarau nyekundu, manjano na nyeusi. Rangi zote tunazoziona hutokana na nukta hizo. Bango la mita tatu kwa moja, likichapwa kwa nukta 100 katika kila inchi, lina nukta zipatazo milioni 46. Picha za kitabuni huhitaji nukta 300 kwa inchi, lakini bango hutazamwa kutoka mbali, na jicho huwa limeridhika kwa uchache huo.

Kichwa cha mtambo huenda na kurudi juu ya turubai kikinyunyiza wino. Turubai lenyewe ni nyuzi za polyester zilizopakwa plastiki ya PVC, na wino wake huuma ndani ya plastiki hiyo, ndiyo maana mvua haiufuti. Likikauka hukunjwa kingo, likapigwa vitundu vya pete za chuma, na kamba ikapita. Ama kwa mji wenye mvua kama Elburgon, hilo ni jambo la kushukuriwa.

MTEGO

Sasa nije kwenye mtego wenyewe. Wazee wa msikiti mmoja huko waliagiza bango la Maulidi. Juu waliandikisha Bismillahi kwa Kiarabu, chini maneno ya Kiswahili na tarehe. Maandishi ya Kiarabu walimtumia kijana kwa simu, na katika simu yalisomeka vyema kabisa. Bango lilipofunguliwa siku ya pili, Kiswahili kilikuwa sawasawa, picha ya kuba imeng'aa, lakini Bismillahi ilikuwa imekatikakatika. Kila herufi imesimama peke yake, na mpangilio umeanzia kushoto kwenda kulia, kinyume na mwendo wake. Mzee aliyelisoma alisema, "Hili halitundikwi." Na pesa zilikuwa zimekwisha kulipwa.

Yalitokeaje hayo? Kila aliyesoma chuoni anajua kwamba herufi za Kiarabu ni 28, na kwamba hushikana mikono. Ba ya mwanzo wa neno si sura ya ba ya katikati, wala ya katikati si ya mwisho. Ni sita tu, alifu, dali, dhali, ra, za na wau, zisizomshika anayefuata. Kompyuta huihifadhi kila herufi kwa namba yake moja, na ni kazi ya programu kuichagulia sura kwa kutazama majirani zake. Simu hufanya hivyo bila kuambiwa. Programu za kutungia mabango si zote, wala si siku zote.

Programu hizi zina historia yake. PageMaker ya kampuni ya Aldus ilitoka Marekani mwaka 1985, na CorelDRAW ikatoka Kanada mwaka 1989. Walioziunda waliandika kutoka kushoto kwenda kulia, na herufi zao hazishikani. Kwa miaka mingi aliyetaka Kiarabu katika programu za namna hii alilazimika kununua toleo maalumu la Mashariki ya Kati. Siku hizi uwezo huo umo ndani ya programu nyingi, lakini katika Photoshop na Illustrator, kwa mfano, huenda ukahitaji kuwashwa na fundi. Fundi asiyesoma Kiarabu hajui kama umewashwa au umezimwa. Kwake yeye herufi zilizoshikana na zilizoachana zote ni nakshi.

Na si kuachana tu. Nukta ya wino ikidondoka juu ya ra, herufi hiyo huwa za. Hapo neno rahma limekuwa zahma, yaani msongamano. Mtambo unaonyunyiza nukta milioni 46 hauijui ipi kati ya hizo ni rehema na ipi ni zahama.

Simlaumu kijana yule. Aliletewa asichokijua, akakifanya kwa uaminifu, na mwishowe alikubali kubeba nusu ya gharama ya bango la pili. Nusu ya pili ilitoka mifukoni mwa wazee. Nami naona walihukumu kwa haki, kwani kabla ya kuchapwa kijana aliwatumia sura ya bango kwa simu, wakatazama tarehe na picha, wakasema sawa. Hakuna aliyesoma mstari wa juu.

Babu zetu walijua thamani ya msomaji. Siyu, katika Kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono. Mwandishi wa aina ile na msomaji walikuwa mtu mmoja. Sasa mtambo umewatenganisha: anayeandika hasomi, na anayesoma haandiki. Basi yafaa tuwakutanishe tena.

LA KUFANYA

Dawa si ngumu. Anayejua Kiarabu aketi kando ya fundi wakati maneno yanapoingizwa, asingoje bango lifunguliwe. Yakisha kukaa sawa, fundi ayageuze herufi kuwa mchoro, ili kompyuta ya mchapaji, ambayo pengine haina aina ile ya herufi, isiyavuruge tena. Kisha ichapwe nakala ndogo kwenye karatasi, isomwe kwa sauti, atie sahihi aliyeisoma. Karatasi moja ni rahisi kuliko turubai la mita tatu.

Liko na jambo la pili, nalo liliniuma zaidi. Shughuli ikiisha, bango la Elburgon halitupwi. Ni turubai zuri, halipitishi maji. Nililiona moja la mkutano wa siasa likifunika rundo la kuni, na jingine la mahubiri likiwa paa la banda la kuku. Je, lenye jina la Mwenyezi Mungu litafunika nini?

Sisi tuliosoma kwa ubao twakumbuka. Ubao ulipojaa uliosha wino, lakini maji yale hayakumwagwa njiani pakanyagwapo. Bango halioshiki. Ukilichoma, PVC hutoa moshi wenye sumu. Ukilitupa, litadumu miaka na jina lenyewe limo humo.

Wazee wa Elburgon walipoagiza bango la pili walipata shauri ambalo nimelileta pwani makusudi. Waligawa kazi mara mbili. Bismillahi ilichapwa kwenye kipande chake, bila tarehe wala jina la mgeni wa heshima, ili kihifadhiwe msikitini na kutundikwa mwaka hadi mwaka. Matangazo ya mwaka ule yalichapwa kwenye kipande kingine, kwa Kiswahili kitupu, ambacho kikimaliza kazi chaweza kufunika kuni bila dhambi ya mtu.

Mfungo Sita mwingine hauko mbali, na mafundi wa mabango wamejaa Mombasa, Malindi na Lamu kama walivyojaa bara. Atakayetumwa kuagiza bango na achukue pesa, achukue vipimo, na amchukue msomaji.