Mshipi Ukatwao kwa Huruma

Mtu aliyesimama juu ya gati na ufito wake mkononi, akaona ghafula mwari amejitupa majini kukinyakua chambo kilichotegewa samaki, kisha ndege yule akainuka angani huku ndoana imemnasa bawani, aghalabu hushikwa na fadhaa, na kwa fadhaa hiyo, tena kwa nia njema kabisa, hutoa kisu akaukata mshipi ili kiumbe wa Mungu aende zake. Ndege huenda kweli, lakini huenda na pima kadhaa za nailoni zikining'inia nyuma yake. Ndiyo sababu nasadiki kwamba maafa ya mishipi iliyoachwa pwani hayatokani na uzembe peke yake, bali na huruma isiyo na maarifa pia, na kwamba atakaye kuyapunguza sharti aanze na mkono ule uliokamata kisu.

Nailoni ilipatikana mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani, chini ya uongozi wa mwanakemia Wallace Carothers. Mishipi iliyotangulia ilikuwa ya pamba, kitani, hariri au singa za farasi, nayo ilipopotea majini ilioza. Huu mpya una sifa zote ambazo mvuvi angezitamani: ni mwembamba, ni imara, na majini hauonekani ila kwa taabu, na kila moja ya sifa hizo hugeuka kuwa dhara siku ile mshipi ukosapo mwenyewe, kwa kuwa huzama, ukajizungusha katika miamba na matumbawe, ukawasubiri viumbe wasiouona. Hutajwa mara nyingi kwamba huchukua miaka 600 kumalizika, na hayo ni makadirio tu, maana nailoni yenyewe haijatimiza hata miaka 100 duniani. Lililo dhahiri ni kwamba aliyeutupa atakufa yeye kwanza.

Pahali ambapo jambo hili laonekana waziwazi ni ghuba ya Tampa, katika jimbo la Florida. Tarehe 9 Mei 1980 meli ya shehena iitwayo Summit Venture iligonga daraja la Sunshine Skyway wakati wa dhoruba, sehemu ya daraja ikaanguka baharini, na watu 35 wakapoteza maisha. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1987, na vipande vya lile la zamani vilivyosalia vikafanywa magati ya kuvulia, ambayo huwavuta wavuvi wa starehe usiku na mchana. Dagaa hujaa chini ya nguzo zake. Kwa ajili ya dagaa huja samaki wakubwa na mwari wa kahawia. Na kwa ajili ya samaki huja watu, hata ndege na ndoana wakawa wanashindania maji yale yale.

Mwari aliyekatiwa mshipi hafii pale gatini, na kwa hiyo aliyemkatia hurejea nyumbani na moyo mweupe. Jioni ndege hurudi maskani yake katika visiwa vya mikoko, akatua kati ya wenzake, na ule mshipi unaomfuata ukajisokota matawini. Asubuhi atakapo kuruka hawezi, naye huning'inia hapo hata njaa na kiu zimmalize. Wala msiba haukomi kwake, maana mshipi hubaki mtini ukiwanasa wengine, pamoja na makinda. Kila mwaka watu wa kujitolea huviendea visiwa hivyo kwa mashua ndogo kuikata mishipi iliyonasa, nao hungoja majira ya kuzaliana yapite, kwani kuingia mapema huwatimua wazazi na kuyaacha makinda juani.

Jawabu la fadhaa ile si gumu, lakini halimjii mtu lenyewe, sharti afundishwe. Asiukate mshipi. Amvute ndege taratibu, na kama gati ni refu amwinue kwa wavu wa duara ulioteremshwa kwa kamba, si kwa mshipi wenyewe. Amfunike kichwa kwa kitambaa, maana gizani hutulia; amshike mdomo lakini auache wazi kidogo, kwa kuwa mwari hana tundu za pua zilizo wazi na hupumua kwa kinywa. Kisha aisukume ndoana mbele mpaka kijino chake kitokeze, akikate kwa koleo, airudishe ndoana nyuma kwa njia iliyoingilia, na akague mbawa na miguu asije akasahau uzi wowote. Ikiwa ndoana imemezwa, ndege apelekwe kwa wanaojua kutibu.

Mwaka 2023, baada ya mabishano marefu baina ya watetezi wa ndege na wavuvi, Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Florida iliweka kanuni za gati la Skyway: mtu asitumie zaidi ya mishipi miwili, mishipi yenye ndoana nyingi ipigwe marufuku miezi ya baridi ambapo ndege huzidi, na mvuvi apate mafunzo kila mwaka. Wako walionung'unika kwamba wananyimwa njia yao ya kupata chambo, na nung'uniko lao halikuwa la upuuzi. Hata hivyo naiona sharti ya mafunzo kuwa ndiyo bora kuliko zote.

Kwa mabaki ya mshipi, Florida imetundika mabomba ya plastiki magatini na penye vishukio vya mashua. Yaliyokusanywa husafishwa, hutengwa na ndoana na chubwi, na ule wa uzi mmoja huweza kuyeyushwa na kutumiwa tena. Mshipi wa kusukwa haufai kwa kazi hiyo, nao hukatwa vipande vifupi kabla ya kutiwa takani. Kazi hii yahitaji mtu wa kuyamwaga mabomba kwa zamu, kwani bomba lililofurika huurudisha mshipi baharini kwa upepo wa kwanza.

Katika pwani yetu mvuvi wa riziki huona uchungu kuukata mshipi wake, maana ni mali. Lakini Shimoni, Watamu na Malindi wako wageni wavuao nduaro na sulisuli kwa starehe, ambao hawataulilia uzi uliokatika. Na katika maji yetu wako kasa, na nguva waliobaki wachache mno, jamaa wa wale wa Florida ambao hupoteza mapezi kwa kukazwa na mshipi. Nahodha amwonyeshaye mgeni namna ya kushika ufito na amwonyeshe pia, kabla nanga haijang'olewa, chombo cha kutilia vipande vya mshipi, naye asione haya kumkanya, kwa kuwa tangu tarehe 31 Desemba 1988 kiambatisho cha tano cha mkataba wa MARPOL kimekataza plastiki ya namna yoyote kutupwa baharini kutoka chomboni.