Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

Kuna sentensi moja ambayo mwenye gari kuukuu huisikia mara kwa mara, hasa wakati wa Kaskazi, joto la pwani linapokuwa halistahimiliki: "Gesi imeisha." Sentensi yenyewe ni fupi, haina kosa la sarufi, na huaminika upesi. Mwenye gari hutoa pesa, gesi hujazwa, ubaridi hurejea. Baada ya majuma machache kiyoyozi hupuliza tena hewa yenye joto, na sentensi ile ile hurudiwa. Dai langu ni kwamba sentensi hiyo hupotosha, na upotofu wake umo katika kitenzi.

"Kuisha" husemwa juu ya kitu kinachotumika. Sukari huisha kwa kutiwa chaini, petroli huisha kwa kuungua, chaki huisha kwa kuandikia. Gesi ya kiyoyozi haitumiki kwa namna hiyo. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na kurudi ilikotoka, mithili ya damu mwilini. Daktari hamwongezei mgonjwa damu akamruhusu aende zake bila kuuliza ile ya kwanza ilitokea wapi. Ni kweli kwamba katika gari lenye umri mkubwa gesi kidogo hupenya mipira ya mabomba mwaka baada ya mwaka. Lakini ikipungua kwa miezi miwili au mitatu, basi ipo tundu. Kitenzi kinachostahili ni "kuvuja". Anayesema "inavuja" hulazimika kuuliza "wapi?" Anayesema "imeisha" hana la kuuliza; hutafuta mtungi wa kujazia tu.

Hebu tutazame jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Wazee wetu walijua kwamba maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu kiasi fulani hupenya nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Kiyoyozi hufuata kanuni iyo hiyo. Kompresa, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi hadi ikawa moto sana. Gesi hiyo hupita katika kondensa, ule wavu wa chuma ulio mbele ya rejeta, ikapoteza joto na kuwa kiowevu. Kiowevu hupenyezwa katika tundu jembamba hadi nyuma ya dashibodi, ambako hugeuka tena kuwa gesi na kunyonya joto la hewa iliyomo ndani ya gari. Kwa hivyo kiyoyozi hakitengenezi baridi, huhamisha joto. Maji yanayodondoka chini ya gari ni unyevu wa hewa tu, wala si dalili ya ubovu.

Kutokana na maelezo haya, msomaji ataona kwamba sababu za kukosa ubaridi ni nyingi, na gesi ni moja tu miongoni mwazo. Kwanza, upepo ukitoka kwa unyonge, aghalabu chujio la hewa limejaa vumbi. Pili, ikiwa kuna ubaridi gari linapokwenda lakini hutoweka katika msongamano, ikaguliwe feni ya mbele, na kondensa isafishwe matope na wadudu. Tatu, kiyoyozi kinapowashwa sharti klachi ya kompresa inase kwa mlio mdogo. Isiponasa, huenda fyuzi imeungua au waya umekatika. Au swichi ya shinikizo imeizuia kwa kuwa gesi imepungua mno. Nne, kijilango kinachotenganisha hewa moto na hewa baridi chaweza kukwama, ubaridi ukawapo lakini ukachanganywa na joto la injini. Katika hali ya kwanza, ya pili na ya nne, kujaza gesi hakutaponya lolote.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu, ambaye husafiri kila siku kutoka Kilifi hadi Mombasa, alijaziwa gesi mara 3 kati ya Januari na Pasaka. Fundi wa nne hakufungua mtungi. Aliinama akatazama maungio ya mabomba kwa kurunzi, akaona mahali penye vumbi jeusi lililoshikamana kwa mafuta. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hivyo gesi inapotokea, mafuta huacha alama. Alipaka povu la sabuni, nalo likafanya mapovu. Kilichokuwa kimekufa ni kipete cha mpira ambacho bei yake haikuzidi ya chupa ya soda.

Hata baada ya tundu kuzibwa, gesi haifai kutiwa papo hapo. Sharti hewa na unyevu vivutwe kwanza kwa pampu, kwa muda usiopungua nusu saa, kwani maji yaliyobaki huganda katika lile tundu jembamba na pia kuozesha chuma. Kiasi na aina ya gesi vimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari ya zamani zaidi yalitumia R12. Mengi ya yale ya katikati ya miaka ya 1990 na baadaye hutumia R134a. Gesi hizi mbili hazichanganywi, kwani hata mafuta yake ni tofauti. Wala mwenye gari asilegeze bomba mwenyewe: gesi ikitoka kwa nguvu huunguza ngozi na macho kwa baridi yake.

Hasara haiko mfukoni pekee. R12 iliharibu tabaka la ozoni, ndipo ikapigwa marufuku kufuatia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao sekretarieti yake iko hapa Nairobi. R134a haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kuliko kilo 1,300 za hewa ya kaboni. Gari dogo hubeba yapata nusu kilo. Mwanafunzi na apige hesabu: kila "imeisha" ni zaidi ya kilo 650 zilizotupwa angani.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wasiyaache mambo haya kwa mafundi peke yao. Mwalimu wa fizikia ana somo la mvuke na joto. Mwalimu wa Kiswahili ana somo la vitenzi na maana. Nawe mwenye gari, utakapoambiwa tena kwamba gesi imeisha, usitoe pesa kabla hujauliza kwa adabu: "Fundi, imetokea wapi?" Akikosa jibu, mtafute mwenye kurunzi na sabuni.