Alpha Psi Omega: Chama cha heshima cha wanamaigizo kilichoanzia chuo kidogo

WAHENGA walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi aliyetia fora katika sanaa ya maigizo hutunzwa kwa kuteuliwa mwanachama wa Alpha Psi Omega, chama cha heshima ambacho chimbuko lake ni chuo kidogo cha kuwaandaa walimu.

Chama cha heshima si klabu ya kawaida. Mwanafunzi haingii kwa kupenda tu, bali hualikwa baada ya kazi yake kupimwa. Desturi hii ilianza mwaka wa 1776, wanafunzi wa chuo cha William and Mary, jimboni Virginia, walipoasisi Phi Beta Kappa. Tangu hapo, vyama vingi vya aina hiyo vimejipa majina ya herufi za Kiyunani.

Alpha Psi Omega kiliasisiwa Agosti 12, 1925 mjini Fairmont, West Virginia, jimbo linalojulikana zaidi kwa migodi ya makaa ya mawe. Mwasisi wake, Profesa Paul F. Opp, alifunza Kiingereza na kusimamia michezo ya kuigiza chuoni humo. Alisaidiwa na Profesa E. Turner Stump wa chuo cha Marshall, katika jimbo hilo hilo.

Wakati huo tayari palikuwa na vyama vya kuwaenzi wanamaigizo, kikiwemo Theta Alpha Phi cha mwaka wa 1919. Hata hivyo, vyuo vidogo havikupata nafasi humo kwa urahisi. Waigizaji wao walitoa jasho sawa na wenzao wa vyuo vikuu, lakini hawakuwa na wa kuwatambua. Pengo hilo ndilo Opp alilokusudia kuliziba.

Kila tawi la chama huitwa kundi la waigizaji, na wanafunzi hujikusanyia alama kwa kazi wanayofanya. Anayeshona maleba, kuunda mandhari ya jukwaa au kuendesha taa naye hupata alama, kama anavyopata anayeigiza. Hivyo, hata yule ambaye hadhira haimwoni kamwe hupata sifa anayostahili.

Mnamo 1929, kilizaliwa chama ndugu, Delta Psi Omega, kwa ajili ya vyuo vinavyotoa masomo ya miaka miwili. Mwaka huo huo, Opp alishiriki kuanzisha chama cha wanafunzi wa shule za upili, kilichopewa jina la Thespis, Myunani wa karne ya sita kabla ya Kristo anayetajwa kuwa mwigizaji wa kwanza. Chama hicho, ambacho sasa huitwa International Thespian Society, kimesajili wanachama zaidi ya milioni 2.

Naam, juhudi zilizoanza Fairmont kwa ajili ya wachache waliosahauliwa zimewafungulia njia wanafunzi wa shule na vyuo kote nchini Marekani.