Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Kifaa

Akina mama wengi wa Mbeya na Iringa siku hizi huendesha gari wenyewe: kupeleka watoto shule, kwenda sokoni Mwanjelwa, au kusafiri na familia kupitia mlima Kitonga. Ghafla taa ya njano yenye umbo la injini inawaka. Hapo ndipo fedha ya ada inapoweza kuishia gereji, kwa kununua vifaa ambavyo gari halikuvihitaji.

Itazame taa kwanza

Ikiwa taa imetulia na gari linakwenda kama kawaida, endesha taratibu mpaka kwa fundi. Ikiwa inamweka-mweka, punguza mwendo na usimame mahali salama. Mara nyingi maana yake ni kwamba silinda fulani haichomi petroli, na petroli hiyo huenda kuungua kwenye bomba la moshi na kuliharibu. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni hatari zaidi: simama, zima injini mara moja, na usifungue rejeta ikiwa bado ya moto.

Namba ni dalili, si ugonjwa

Kompyuta ya gari ikigundua kasoro huweka namba ya hitilafu. Fundi huisoma kwa mashine anayoichomeka chini ya usukani. Marekani ilitaka magari mapya yote yawe na mfumo mmoja wa namba hizo kuanzia toleo la mwaka 1996. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huenda yakahitaji mashine tofauti.

Kama vile homa haisemi ni malaria au kidonda, namba nayo haitaji kifaa kilichokufa. P0301 husema silinda ya kwanza haichomi vizuri. Chanzo chaweza kuwa plagi, koili, au bomba la kupulizia petroli. P0171 husema hewa imezidi petroli. Wengine hubadilisha sensa papo hapo, kumbe ni mpira wa hewa uliopasuka au pampu ya petroli iliyochoka.

Kumbuka pia kwamba Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, hivyo gari hupungukiwa nguvu kidogo kuliko likiwa pwani. Hilo peke yake si ugonjwa.

Zungumza na fundi hivi

1. “Fundi, naomba uniandikie namba zote kabla hujazifuta.” Kufuta namba huzima taa tu, kasoro ikiwepo, taa itarudi.

2. “Tumejuaje kuwa ni kifaa hiki?” Kwa P0301, kwenye gari lenye koili kwa kila silinda, fundi anaweza kuihamishia koili ya kwanza kwenye silinda ya pili. Namba ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Isipogeuka, ahamishe plagi. Jaribio hili halihitaji kifaa kipya.

3. “Naomba kifaa cha zamani nikione.”

Andika namba, tarehe na kazi iliyofanyika katika daftari, ulihifadhi ndani ya gari. Baba watoto akiwa safarini, daftari hilo litakusaidia kuzungumza na fundi yeyote bila wasiwasi. Na kabla ya safari ndefu yenye milima, usiondoke na watoto huku taa ikiwaka bila kujua sababu yake.