Kitalu Kimekamilika, Jani Halipumui

Mradi wa kitalu nyumba ni rahisi kuukagua. Mkaguzi huhesabu nguzo, hutazama tangi na mipira ya umwagiliaji wa matone, hupiga picha, kisha huandika kwamba kazi imekamilika. Jani la nyanya lina vigezo vingine.

Ili lifanye usanisinuru, jani huhitaji mwanga, maji na hewa ukaa, ambayo ni takriban sehemu 420 tu katika kila milioni ya hewa. Kabla ya kuingia katika vitundu vya jani, hewa hiyo hupenya utando mwembamba wa hewa tuli unaolizunguka. Upepo mwepesi huupunguza utando huo. Hewa ikituama, utando huongezeka unene. Kitalu kikibaki kimefungwa asubuhi yenye jua, mimea huweza kuishusha hewa ukaa chini ya sehemu 200. Mwanga unakuwa tele, malighafi imekwisha.

Hapo mpango na shamba huachana. Tangu kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya, aingie Tanzania na Kenya mwaka 2014, wakulima wamehimizwa kuziba kila upenyo kwa neti. Kwa mdudu, ushauri ni sahihi. Ila neti hiyo huzuia upepo, na ikijaa vumbi joto hupanda; likivuka nyuzi 35, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Dawa yake ni madirisha mapana, lakini hayo ni gharama. Bajeti ikibana, ni rahisi kupunguza dirisha kuliko kupunguza idadi ya vitalu, maana idadi ndiyo iliyoahidiwa.

Mwanga nao hauishii kwenye paa. Jani la juu hushiba kabla jua la saa sita halijafikia ukali wake wote, huku la chini likiwa na njaa kivulini. Kupogoa machipukizi ya pembeni na majani makuukuu hufungulia njia mwanga na upepo. Ni kazi ya kila wiki, isiyo na risiti.

Wala mchoro mmoja haufai kila mahali. Nailoni ya kuezekea inayoweza kufaa kwenye baridi ya Lushoto huipika mimea Tanga mjini, ambako nyumba ya neti ni afadhali.

Andiko la mradi liongezewe basi kipimajoto na daftari lake, pamoja na fedha za kuosha na kubadilisha nailoni. Na ufunguo wa kitalu akae nao anayeishi jirani na shamba, kwa sababu madirisha hufunguliwa jua linapopanda, si kikundi cha mradi kinapokutana.