Picha Haina Ulimi

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo tulivyofundishwa na wazee, na kwa mambo mengi methali hiyo haina upungufu. Lakini yupo mpiga picha mmoja hapa Mabatini, mahali ambapo nyumba zinaparamia mawe ya mlima na Mto Mirongo unapita chini kuelekea ziwani, ambaye kazi yake imetulazimisha kuifikiri upya methali hiyo.

Ndugu huyu amepata riziki yake miaka mingi kwa picha za pasipoti, za harusi, za maulidi na za kipaimara. Siku hizi kila kijana ana simu yenye kamera, na wateja wamepungua. Badala ya kufunga kibanda, ameanza jambo ambalo kwake ni geni: kuzipanga picha za mnato moja baada ya nyingine na kuzitia sauti ya msimulizi. Tulipomwuliza kwa nini asipige sinema kama wenzake, alitueleza sababu mbili. Kwanza, picha chache na sauti husafiri kwa simu bila kula bando kubwa, na hilo si jambo dogo kwa ndugu zetu wa visiwani. Pili, sinema humkimbiza mtazamaji, lakini picha iliyosimama humwachia nafasi ya kutazama na kufikiri.

Jaribio lake la kwanza lilihusu kina mama waanikao dagaa katika mwalo mmoja wa Ukerewe. Alipiga picha nzuri, kisha akarudi Mabatini, akaandika maelezo usiku, akayasoma mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Picha ilipoonyesha mama akitandaza dagaa mchangani, sauti ilisema kwamba mama anatandaza dagaa mchangani. Kisha ikaongeza kwamba wananchi hawana budi kuzingatia ushauri wa wataalamu na kutumia chanja ili kuinua ubora wa mazao ya uvuvi.

Hatuna budi kukiri kwamba sisi tuliitazama kazi ile kibandani tukaisifu. Maneno yake yalikuwa yale yale tuliyoyazoea katika mikutano yetu, na mtu hakosi kupenda sauti inayofanana na yake. Walioisahihisha ni kina mama wenyewe. Ilipopelekwa mwaloni walizifurahia picha, wakaitana kuonyeshana nyuso zao. Lakini sauti hawakuisikiliza, mpaka mmoja wao akauliza anayesema humo ni nani, na kama amewahi kuanika dagaa.

Swali hilo lilimrudisha mpiga picha kazini. Safari ya pili alikwenda na picha zile zile, akaomba kusimuliwa. Upepo wa ziwa uliharibu sauti za siku ya kwanza zote. Siku ya pili mvuvi mmoja alimwonyesha ghala la nyavu, kwa kuwa nyavu humeza mwangwi, na humo ndimo alimomrekodi yule mama aliyeuliza.

Mama yule alisimulia hesabu ya maisha yake. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika. Siku za kupata fedha, basi, ni chache katika mwezi. Mvua ikinyesha katika siku hizo, dagaa hawakauki, bei huanguka, na chakula cha watu huuzwa kuwa chakula cha kuku. Chanja anazijua, na anakubali kwamba huwaepusha dagaa na mchanga na kuwakausha upesi. Lakini mbao na nyavu za kutengenezea chanja hununuliwa kabla dagaa hawajauzwa, na kiwanja anachoanikia si chake. Leo akijenga, kesho anaweza kuambiwa ahame.

Mpiga picha aliiweka sauti hiyo juu ya picha ile ile ya dagaa mchangani. Katika jaribio la kwanza picha hiyo ilimshtaki mama kwa ujinga. Katika jaribio la pili ilimtetea. Hakuna kilichobadilika katika picha. Kilichobadilika ni nani anasema. Jicho linaona dagaa wakiwa chini. Haliwezi kuona kwa nini wako chini. Hapo ndipo mwenye macho anapohitaji kuambiwa.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Kati ya mwaka 1935 na 1937, chini ya utawala wa Waingereza, palikuwa na mradi wa sinema huko Vugiri, mkoani Tanga, ulioongozwa na Meja Notcutt. Picha zilikuwa bubu, na maelezo yalirekodiwa katika santuri zilizochezwa pembeni wakati picha zikionyeshwa. Wananchi walionekana katika picha. Uamuzi wa nini kisemwe ulikuwa wa wenye mradi.

Baada ya uhuru tulijaribu njia iliyo bora zaidi. Mwaka 1968 ulianza hapa Mwanza mradi wa kisomo chenye manufaa, kwa ushirikiano wa Serikali na UNESCO, na watu wazima wakajifunza kusoma kwa vitabu vya kazi zao wenyewe, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Mwaka 1971 Ukerewe ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizopewa jukumu la kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili kwa vitabu, redio na vikundi. Nguvu ya kampeni ile haikuwa redio peke yake. Kipindi kilipokwisha, kikundi kilijadili kilichosikika na kukubaliana la kufanya. Sauti ilishuka kwa wananchi, na wananchi wakapata nafasi ya kusema.

Tunajua pia uchungu wa kusemewa. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper wa Austria iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa Mwanza, kuhusu sangara na ndege za mizigo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na mjadala ulikuwa mkali. Hatutaki kuufufua. Tunasema tu kwamba hasira haitoshi kuwa jibu la picha. Jibu la picha ni wenye picha kusema wenyewe. Na kama tunamkataza mgeni kutusemea, hatuwezi kujiruhusu sisi viongozi kumsemea mwananchi wa kisiwani kwa maneno tuliyoyaandika ofisini.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wa habari na wa uvuvi katika halmashauri zetu waitazame kazi ya ndugu huyu. Gharama yake ni ndogo. Lakini wakiifuata, waifuate na masharti yake. Mwenye sauti aombwe idhini, na aisikie kazi kabla ya ofisa yeyote. Aachwe aseme kwa lugha inayomtoka moyoni, iwe Kikerewe, Kijita au Kikara, kisha ifasiriwe kwa Kiswahili ili taifa zima lielewe. Na ofisa akishaisikia, ajibu. Mama yule hakuomba sifa. Alitaja mbao, nyavu na kiwanja.

Lipo jambo moja ambalo mpiga picha bado hajaligusa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Bwisya katika kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa kimekaribia kufika. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliofariki walikuwa 228, na walionusurika 41. Picha ya kivuko kile kikiwa tumbo juu ilienea duniani kote. Sote tuliiona, na wengi tulihukumu papo hapo kwamba watu walijaa kwa kutojali. Je, nani ametueleza, kwa sauti yake, kwa nini mtu hupanda chombo anachokiona kimejaa, na kama angekiacha, angengoja nini gatini?

Ndugu yetu anasema picha hiyo anayo, lakini hataitia sauti mpaka apatikane aliyekuwamo, naye awe tayari kusema kwa hiari yake. Tunamwunga mkono. Asiharakishwe, wala asiweke muziki wa huzuni mahali pa maneno yaliyokosekana. Sisi wengine, viongozi kwa wananchi, tujiandae kwa siku hiyo, tukae kimya, tusikilize mpaka mwisho, na baada ya hapo tuseme tutafanya nini.